Kioo Kilichogeuzwa

Mwandiko wangu unaegemea upande mmoja, na tahajia nayo haijakaa sawa. Niliacha shule baada ya darasa la nane, na tangu hapo sijaandika kitu kirefu kuliko ujumbe wa simu. Kwa hayo naomba msamaha. Kwa mengine yaliyomo humu siombi msamaha kwa mtu, na mkiona nimelainika mahali, mjue ni mkono tu umechoka.

Nina lenzi moja ya zamani. Ni ya chuma, nzito kama kufuli ya duka, na imeandikwa kwa herufi ambazo sizijui. Niliipata mjini kwa mzee aliyekuwa akipiga watu picha bustanini kabla kila mtu hajawa na kamera ndani ya simu. Kamera yake ilikuwa imekufa. Aliniuzia yote pamoja, mkanda wa shingoni ukiwa bado unanuka jasho lake, akasema, "Chukua. Mimi watu wamenichosha." Nilimpenda kwa hilo.

Kamera yake niliitupa. Lenzi niliifunga kwenye kamera yangu ya kisasa kwa pete ndogo ya kuunganishia. Vijana wa studio moja ya Uthiru, ambao nilikuwa nikiwabebea taa siku za harusi, waliiona wakacheka hadi wakashikana mabega. "Buda, hiyo ni lenzi ama ni bomba ya sinki?" Sikuwajibu. Mimi huwa sijibu. Maneno hunijia nikiwa nimeshafika nyumbani, nimevua viatu.

Wao lenzi zao hutafuta uso wa mtu zenyewe. Zinalia kidogo, zinakamata, wanabonyeza, wanakwenda kwa mwingine. Yangu haitafuti kitu. Naizungusha kwa vidole mpaka jicho la mtu litokee kwenye ukungu, na kama nimekosea, nimekosea. Halafu ina jambo ambalo sikuliona kwa lenzi nyingine yoyote. Katikati panakuwa wazi, na kando kila kitu kinazunguka, kama maji yanayoshukia tundu la beseni. Mimi nikisimama mbele ya watu wengi huona hivyo hivyo: uso mmoja, na wengine wote wanazunguka. Nilidhani ni ugonjwa wangu. Kumbe kulikuwa na chuma kilichoona kama mimi.

Naishi Kabiria na dada yangu mkubwa, chumba kimoja. Yeye husuka nywele Kinoo na huimba kwaya ya kanisa la huko. Siku moja baada ya ibada nilimsimamisha nyuma ya kanisa, mbele ya ua wa kayaba, ule uzio wa miiba na majani mazito, nikampiga picha. Majani yalimzunguka kama taji. Akawaonyesha wanakwaya wenzake kwenye simu, simu ikazunguka mikono mpaka ikafika kwa mwenyekiti wao, mama mwenye nyumba za kupangisha, ambaye hata akikusalimia unasikia unafukuzwa.

"Ni wewe umepiga hii?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Mbona umekaa ni kama umeiba?"

Wanakwaya wakacheka. Mwenyekiti akasema kwaya inataka kalenda, kila mwezi mwanamke mmoja, wote mbele ya ule ua, wote na majani yao kama dada yangu.

"Na zifanane," akaninyooshea kidole. "Kalenda si mtumba, eti kila mmoja amevaa lake. Zikikosa kufanana, sahau kazi. Na dada yako pia tutamwangalia vizuri."

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniomba nimfanyie kazi. Nilikuwa nikipewa taa nishike. Hii ilikuwa ya kwanza niliyoitwa kwa sababu ya kitu nilichokiona mimi mwenyewe, na niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Mwenyekiti sikumpenda, lakini kazi yake niliitaka.

Jumapili ya kwanza nilipiga nusu ya wanakwaya. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Kinoo ile inayoingia kwenye meno, na grisi ya zamani iliyo ndani ya lenzi ikaanza kuganda. Pete ya kuzungushia ikawa ngumu. Yule wa mwisho siku hiyo alitabasamu, akasubiri, tabasamu likamfia usoni, mimi bado nasukuma pete kwa vidole viwili.

Nikaipeleka mjini kwa fundi wa kamera, ghorofani River Road. Ni mtu mzima wa kutoka Kiambu, ana miwani miwili, mmoja machoni na mwingine juu ya paji. Nilimwambia neno moja tu: grisi. Akaniambia nirudi Alhamisi.

Alhamisi nikamkuta anang'aa.

"Kijana, karibu! Zungusha uone."

Nikazungusha. Ilikwenda kwa kidole kimoja.

"Na si hiyo tu. Kuna mtu alifungua hii kitu akiwa hana akili. Kioo ya mbele aliirudisha imegeuka, tumbo ndani, mgongo nje. Nimeiweka sawa. Hiyo ni zawadi yangu kwako."

Nilimshukuru. Ndilo jambo linalonichoma mpaka leo, kwamba nilimshukuru. Nikashuka ngazi, nikasimama mlangoni, nikaelekeza kamera barabarani. Mkokoteni wa viazi ukaonekana. Mwanamke wa soksi akaonekana. Watu wote wakaonekana, hadi pembeni kabisa, hadi namba za simu za waganga zilizobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Hakuna kilichozunguka. Ilikuwa lenzi ya kawaida, safi, isiyo na neno la kusema, na nusu ya wanawake wangu walikuwa bado hawajapigwa.

Nikapanda ngazi tena.

"Irudishe," nikasema.

"Nirudishe nini?"

"Kioo. Vile kilikuwa."

Akashusha miwani ya paji ikakutana na ile ya machoni. "Kilikuwa kimegeuzwa."

"Najua. Kigeuze."

"Wewe unaugua? Mtu analeta gari, unakuta gurudumu limefungwa kinyume, unalifunga sawa, halafu anarudi kulia?"

"Sikukutuma kioo. Nilikutuma grisi."

"Nione makosa niyaache? Kesho kutwa fundi mwingine aifungue aulize, nani alishika hii mara ya mwisho? Aambiwe ni mimi?" Sasa alikuwa amesimama. "Mkono yangu haijawahi kufunga kitu kinyume. Haitaanza na wewe."

Nilimwambia yale makosa ndiyo picha zangu. Nilimwambia kuna wanawake wa kwaya wanaongoja. Hayo nilitaka kuyasema kwa sauti kubwa, lakini yalitoka kama ya mtu anayeomba maji. Akanigeuzia mgongo.

Basi nikakaa kwenye benchi lake. Kelele siziwezi, lakini kukaa naweza. Mteja mmoja akaingia, akanitazama nilivyokunja mikono, akamuuliza fundi, "Huyu naye anangoja nini?"

"Huyo si mteja. Ni hasira imeketi hapo."

Wakacheka wote wawili. Nikaendelea kukaa. Mteja wa pili, wa tatu. Mwishowe fundi akafungua droo kwa nguvu, akatoa kipande cha blada, ule mpira wa ndani ya gurudumu la baiskeli, akanirushia kifuani.

"Pete ya mbele inafunguka na hiyo. Bana, zungusha. Ukitaka kuharibu, haribu na mkono yako, usitumie yangu. Na ukishaharibu, hapa usirudi."

Sijarudi. Nikipita River Road napita upande wa pili wa barabara.

Jumamosi nilitandaza shuka jeupe juu ya kitanda, nikafunga dirisha vumbi lisiingie. Dada yangu alisimama nyuma yangu na kikombe cha chai ambacho hakukinywa.

"Ukivunja hiyo kitu," akasema, "mimi kesho nitaficha uso wapi?"

"Usiniongeleshe."

"Nakuongelesha kwa sababu ni mimi huimba na wao. Wewe utarudi hapa ujifungie."

Pete ikakataa, ikakataa, halafu ikakubali ghafla kama mlango uliokuwa wazi siku zote. Kioo kikabaki kimekaa shimoni. Nikakichokoa na ncha ya kisu cha jikoni, kisu kikateleza. Tulisikia sote wawili. Mkwaruzo ulikuwa mdogo, urefu wa punje ya mchele. Dada akaweka kikombe chini, akatoka nje.

Nikakigeuza. Tumbo ndani, mgongo nje, kama alivyokiweka yule mzee wa bustanini. Sasa najua ni yeye, hata kama sina ushahidi. Aliifungua siku moja kutoa vumbi, akakosea, akaona alichokiona, akanyamaza. Nikafunga pete, nikaelekeza kamera kwenye kamba ya nguo uani. Shati la jirani likasimama wima katikati, na nguo nyingine zote zikaanza kulizunguka. Nilimtusi fundi kimoyomoyo, taratibu, neno baada ya neno.

Jumapili ya pili nikapiga waliobaki. Penye kivuli mkwaruzo haukuonekana. Ulileta weupe kidogo tu, kama mvuke wa chai, na picha zilifanana na zile za kwanza vya kutosha. Mwenyekiti alijiweka wa mwisho, mwezi wa Desemba, akaja na kilemba kipya. Akasimama mbele ya ua. Nikaanza kulitafuta jicho lake.

"Unanipiga picha ama unanipima jeneza?"

Nikazungusha.

"Watoto wa studio hubonyeza mara moja. Wewe unanikodolea macho ni kama umetumwa. Kwenu ndivyo hutazama watu wakubwa?"

"Nyamaza kidogo, mama," nikasema.

Sijui lilitoka wapi. Kwaya nzima iligeuka kunitazama, hata watoto waliokuwa wakichezea mawe. Mwenyekiti akafunga mdomo kwa mshangao, jicho lake likatokea kwenye ukungu, wazi, kali, na la mtu anayeogopa kidogo. Nikabonyeza. Wakati uleule jua likapenya ua wa kayaba na kuushika mkwaruzo.

Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Majani yanamzunguka, macho yake yanakutazama hadi unataka kujieleza, na mstari mwembamba mweupe unashuka kutoka sikioni hadi karibu na mdomo.

"Hii mstari kwa shavu yangu ni ya nini?" akauliza nilipomwonyesha.

"Ni mkwaruzo wa kioo. Jua limeupata."

"Toa."

"Simama tena, nikugeuze kutoka kwa jua."

"Nisimame tena? Na magoti haya? Nishaambiwa ninyamaze mbele ya watu, sasa niambiwe nisimame? Toa na kompyuta. Mtoto wa dada yangu hutoa hata tumbo."

"Inatoka," nikasema. "Lakini mimi sitoi."

Ningeweza. Si kazi kubwa. Lakini nilikuwa nimetoka kupigana na mtu aliyenisafishia kitu ambacho sikumwomba, na nilijiapia kwamba mkono wangu hautafanya hivyo kwa picha ile. Mwenyekiti alinitazama nilivyomtazama fundi. Akakunja kilemba chake akaondoka.

Njiani kurudi Kabiria dada yangu alitembea mbele, hatua za hasira.

"Mstari mmoja," akasema bila kugeuka. "Mstari mmoja ungefuta, sisi tulale. Wewe na huyo fundi wako mngezaliwa nyumba moja."

Si kweli. Mimi nilimwambia mama yule asimame tena. Fundi hakuniuliza chochote.

Kalenda ilitoka. Sikunyang'anywa kazi kama nilivyotishiwa, kwa sababu miezi kumi na moja ilifanana na wanakwaya wenyewe waliitaka. Desemba ilipigwa na yule mtoto wa dada yake mwenyekiti, kwa simu. Mwenyekiti yuko hapo mbele ya ua uleule, kila jani linahesabika, ngozi imelainishwa hadi pua karibu iishe, na macho hayamtazami mtu. Aliyesema kalenda si mtumba ndiye aliyevaa lake peke yake. Kwenye kwaya dada yangu amehamishwa kutoka safu ya mbele hadi ya nyuma. Anaimba huko, na wiki nyingine haongei nami hadi Jumanne.

Kalenda tuliitundika juu ya jiko. Desemba ilipoingia dada alifunua ukurasa mpya, mimi nikaurudisha. Akafunua, nikaurudisha. Mwaka ukaisha nyumbani kwetu kukiwa bado Novemba, mwanamke mwembamba wa sauti ya tatu akituangalia tukipika, majani yakimzunguka.

Picha ya mwenyekiti, ile yenye mstari, ninayo. Tangu siku ile sijamwonyesha mtu. Lakini ningetaka kujua kama ni mimi peke yangu. Kama una lenzi ya zamani ambayo mtu usiyemjua aliifungua kabla yako, niandikie unieleze kando yake panaonekanaje. Na kama unaona mstari ule ningeufuta, niandikie pia. Nitasoma hadi mwisho kabla ya kukasirika, halafu nitakujibu, ila polepole, kwa mwandiko huuhuu.