Hereni za Mama na Njiti za Kazini

Watu huniuliza kwa nini navaa njiti masikioni ilhali naishi Kahama, ambako hata muuza mchele hakosi kitu kinachong'aa mwilini. Sababu ni geti. Napika kwenye mwalo nje kidogo ya mji, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa na kuoshwa, na kila anayetoka hupekuliwa: viatu, nywele, mifuko ya aproni, masikio. Hata ukiingia na dhahabu yako mwenyewe, nani atathibitisha jioni kwamba unayotoka nayo ndiyo ile ya asubuhi? Kwa hiyo dhahabu hairuhusiwi, basi.

Mwanzoni nilidhani rangi tu haina neno. Nikaenda na hereni za gulioni zilizopakwa rangi ya dhahabu, nimependeza kweli. Mlinzi wa kike akanivua hereni, akazisugua sakafuni, akazitazama juani, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita bosi. Nilisimama getini zaidi ya saa nzima, wachimbaji wakipita na kunicheka, wengine wakinipa pole ya uongo. Baada ya hapo nikajaribu za shanga, za kuning'inia. Kila nilipoinama kusonga ugali zilinasa kwenye kilemba. Za duara za plastiki, nyekundu, kubwa, ndizo nilizozipenda kuliko zote, lakini masikio yangu yana maringo: wiki haikuisha yakaanza kutoa usaha. Nikaishia kuvunja njiti mbili za ufagio mpya wa chelewa, nikazichemsha na kuzichomeka, kama tulivyofanya shuleni ili matundu yasizibe. Hazinasi, haziwashi, na hakuna mlinzi anayezitilia shaka. Mimi zinanitosha.

Tatizo lilikuwa mama, ambaye hakujua.

Mama ndiye aliyenipa hereni pekee za dhahabu nilizowahi kuwa nazo, ndogo, kila moja kama punje ya mtama. Dhahabu yake aliiosha kwa mikono yake wakati tukiishi upande wa Geita, akiinamia marudio, ule mchanga ambao wenye mashimo wameshauchoka. Nyingine yote aliuza. Hiyo aliipeleka kwa sonara atengenezewe hereni, akazivaa akikamua ng'ombe, akilima, akilala. Siku naondoka nyumbani alizivua akanivalisha mwenyewe. Alisema hizi ndizo za kila siku, za plastiki nivae sikukuu, na nisizivue. Nikamwahidi sitazivua.

Nilipopata kazi ya mwaloni zikaingia kwenye kopo, zimefungwa kitambaa. Kila nilipokwenda kumwona kijijini nilishuka stendi ya Isaka, nikaingia chooni, nikatoa njiti, nikavaa dhahabu, nikapanda gari la pili. Nilifanya hivyo miaka sita. Mara ya kwanza niliona aibu. Baadaye nikazoea.

Mwaka jana mama alikuja Kahama kutibiwa macho, hakuniarifu. Jirani alimfungulia mlango. Narudi kutoka kazini saa kumi, namkuta amekaa kitandani kwangu, mfuko wake miguuni.

"Shikamoo mayu," nikamwamkia mama kwa furaha.

"Marahaba." Akanivuta karibu kabisa, maana haoni vizuri, akanishika sikio. Vidole vyake vikagusa njiti. Akashika na la pili. "Umeuza," akasema.

Nilipandwa na hasira. Miaka yote ile ya kuzitunza, halafu naitwa muuzaji ndani ya chumba changu. "Sijauza!"

"Huku kila mtu anauza. Mimi mwenyewe niliuza. Ungeniambia tu."

Nikafungua kopo na kuzimwaga kiganjani mwake, kwa jeuri, nakiri. Nikamweleza geti, mlinzi, upekuzi, yote. Alisikiliza huku akizipapasa moja moja.

"Sasa mbona ukija nyumbani unakuwa umezivaa?"

"Huwa navalia Isaka."

"Isaka wapi?"

"Chooni, mama."

Nilitegemea acheke. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kucheka. Mama akazifumba hereni kiganjani.

"Ungeuza ningeelewa," akasema. "Ungeniambia kazini hawataki, ningeelewa pia. Mimi nawaambia watu kule, mwanangu hajazivua hata siku moja."

Hapo hasira yangu ikaisha yote, nikabaki na huzuni. Niliona tu masikio yake, ambayo sikuwahi kuyaangalia vizuri: matupu. Tangu siku aliponivalisha zile hakununua nyingine, na hakuna aliyemuuliza, hata mimi.

"Kwetu hakuna geti," akasema, akanyoosha kiganja. "Nivalishe."

Nikanawa mikono, nikakaa pembeni yake. Tundu la kulia lilikuwa limejifunga kwa nyuma. Hereni iliingia nusu ikagota kwenye ngozi. Nikamwambia twende kesho, hospitali watasaidia, au nimpake mafuta kwanza.

"Bonyeza," akasema.

Nikabonyeza mpaka ikapita. Machozi yalimtoka. Akayafuta kwa ncha ya kanga, akanigeuzia sikio la pili.