Jumba la Jangwani Kwenye Ukuta wa Kukhu

Harufu ya udongo mwekundu uliokandwa na samadi mbichi ya ng'ombe hainipiti hivi hivi. Nikiisikia popote, iwe Kitale au njiani kuelekea Bungoma, husimama papo hapo. Wenzangu hudhani nachukia uvundo. Laiti wangejua! Hiyo ni harufu ya nyumba ya Kukhu, ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa baba, kule Kanduyi. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye chumba cha nyuma ambacho jua la mchana lilikipasha joto hadi jioni. Humo, likizo moja ya Agosti, kaka yangu Wafula na mimi tulijenga jumba la kifalme la jangwani, lenye minara, visima na milango iliyofungwa. Nimekwisha kuwa mtu mzima, nimelala katika nyumba nyingi, lakini jumba ninalolijua kona kwa kona ni lile.

Sisi ni watu wa upande wa Endebess, ambako baba alikuwa na shamba la mahindi. Anayeijua Endebess mwezi wa saba hahitaji kuelezwa baridi ni nini. Asubuhi ukungu unashuka kutoka mlimani, alasiri mvua inaingia, na nguo zilizofuliwa Jumatatu zinavaliwa Alhamisi zikiwa bado na unyevu. Kwa wengine wetu hiyo ilikuwa baraka, maana mahindi yalistawi. Kwa Wafula ilikuwa adui. Alizaliwa na ugonjwa wa seli mundu, na baridi ikimgusa tu, maumivu yalimwingia mifupani, akajikunja kitandani huku ameuma pembe ya blanketi lake jekundu asisikike akilia. Kuna majirani waliosema anadeka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tena angalia jina lenyewe: kwetu Wafula ni mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na mimi Nasimiyu nilizaliwa wakati wa kiangazi. "Si tubadilishane majina, bana," alikuwa akiniambia. "Wewe mvua haikufanyi kitu." Mwaka huo alilazwa hospitalini mara nyingi mno, hadi daktari akamshauri baba ampeleke mahali penye joto kidogo. Ndipo akahamishiwa Kanduyi kwa Kukhu, yeye na blanketi lake, na shule zilipofungwa nikamfuata.

Mchezo wenyewe tulifundishwa na binamu yetu aliyetutembelea Pasaka akitokea Nairobi. Mtu mmoja anakuwa msimulizi: anabuni nchi, anachora ramani yake, anapanga milango, mitego na hazina, wala hamwambii mtu kilichomo ndani. Mwingine anakuwa msafiri. Msafiri anasema anachotaka kufanya, na dadu ndiyo inayoamua kama atafaulu. Binamu alikwenda zake, akatuachia dadu moja ya ludo. Wafula alijitwalia usimulizi bila kuuliza mtu. Mimi nilitaka msitu wenye majoka, au ziwa, au hata mlima kama wetu. Hakutaka kusikia. "Ni jangwa," alisema. "Sheria ya kwanza: huko hakuna mvua, hakuna baridi, na hakuna mtu anaumwa na mifupa." Nilimcheka sana, nikamwambia hiyo si sheria ya mchezo, ni maombi ya Jumapili. Naye akacheka, akasema basi sema amina.

Karatasi haikutosha, kwa hiyo tuliomba ukuta. Kukhu alitazama ule ukuta wa chumba cha nyuma, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa amekonda hadi mabega yakachomoza, akasema, "Choreni tu. Si Krismasi tutakandika?" Maana kila Disemba, kabla ya sikukuu, wanawake wa boma walikanda udongo na samadi wakaipaka nyumba upya, ndani na nje, na michoro yote ya mwaka ikazikwa chini. Tukachora. Minara ilikuwa ya makaa, ua wa majivu, na kisima cha katikati tulikipaka ile bluu ya kufulia nguo nyeupe, jambo lililotuponza kwa shangazi, mwenye bluu hiyo. Siku zake nzuri Wafula alichora kwa mkono wake, amesimama juu ya kitanda. Siku mbaya alilala amefumba macho, mimi nikawa mkono wake. "Inua mnara. Zaidi. Hapo, hapo." Hakuwa akitazama, lakini alijua nilipokosea. Sultani wa jumba hilo alimwita Simiyu, jina la mvulana wa kiangazi. Nilipomuuliza sultani huyo ni nani, alinijibu ati huoni ni mimi?

Si yeye si mimi aliyekuwa amewahi kuona jangwa. Ngamia wetu alikuwa fahali wa kawaida ambaye nundu yake ilisogezwa nyuma kidogo. Mimi, msafiri, ambaye kete yangu ilikuwa punje ya mahindi, nilianza safari kwa kutangaza kwamba nimevaa gambuti na nimebeba jembe. Wafula nusura aanguke kitandani. "Unaenda kulima mchanga?" Kisha tukagombana juu ya mifereji. Nilisema nyumba kubwa kama ile haiwezi kukosa mifereji ya kukinga maji ya paa, na tangi pembeni. Kwetu hata mwalimu mkuu alikuwa nayo. Nikaichora alipokuwa amelala. Alipoamka aliiona, na hakucheka. Aliifuta kwa kiganja chake kitupu, mfereji mmoja baada ya mwingine, mpaka akaishiwa na pumzi. "Nimekwambia huku hainyeshi," alisema. "Ukitaka mvua rudi Endebess." Nilinuna siku nzima. Jioni alinikubalia ghala la mahindi nyuma ya jikoni, kwa sababu, alisema, hata sultani lazima ale ugali, na tukapatana.

Basi nikasafiri. Nilivuka uwanja wa walinzi, nikanyweshwa maji ya kisima kinachosema ukweli, nikanaswa katika chumba chenye zulia linalomeza watu na kukombolewa na dadu dakika ya mwisho. Wafula alisimulia kwa sauti ya chini, kiasi kwamba Kukhu aliacha kuchambua maharagwe akaja kuketi mlangoni asikilize. Siku hizo maumivu yalipungua kweli. Sijui kama ni joto la Kanduyi au ni lile la jangwani. Kilibaki chumba kimoja tu, juu kabisa kwenye mnara mrefu, chenye mlango aliouchora kwa makaa mazito na kuukoleza kila siku. Nilizunguka jumba zima kutafuta njia ya kukifikia. Nilipofika mbele ya mlango huo, likizo ilikuwa imekwisha, na baba alikuwa uani akinihimiza tuondoke, shule zinafunguliwa kesho yake. Nilimwomba Wafula aniambie tu kilichomo. Alikataa katakata, akitabasamu. "Tutafungua Disemba," alisema. "Subira huvuta heri." Nikaiweka punje yangu ya mahindi kwenye ufa mdogo wa ukuta, mbele ya mlango ule, isubiri.

Subira haikuvuta kitu. Novemba, kabla shule hazijafungwa, alizidiwa, akapelekwa hospitalini, hakurudi. Siku mbili hivi kabla ya mazishi tulifika Kanduyi tukakuta boma limejaa watu, na wanawake wamekwisha kuanza kukandika, kwa sababu nyumba inayongojea mwili na wageni haiachwi na nyufa. Vyumba vyote vilikuwa vimepakwa, bado vinanuka ubichi. Ukuta mmoja tu ulikuwa haujaguswa. Shangazi alikuwa ameujia mara mbili na beseni lake, Kukhu akamzuia. Aliponiona alinishika mkono, akanipeleka chumba cha nyuma, akaniwekea beseni miguuni. "Nasimiyu, huu ni wako," alisema, kisha akatoka, na nikamsikia akilia nje. Mimi sikulia. Nilianza pembeni, kwenye mchanga na fahali wetu mwenye nundu. Nikapaka ua, nikapaka ghala la mahindi, nikapaka kisima, bluu ikachanganyika na udongo viganjani mwangu. Mlango ule niliuacha mwisho. Ile punje ilikuwa bado ufani, na unyevu wa siku zile ulikuwa umeifanya ichipue. Niliitazama kwa muda, nikaujaza ufa udongo juu yake. Halafu nikaketi chini, na kilio kilichonitoka hapo kilimleta mama mbio kutoka jikoni.

Miaka imepita. Nyumba ile ilibomolewa, ikajengwa ya matofali, na udongo wa ukuta ule ukayeyuka kwa mvua ya msimu mmoja. Siku hizi watoto wenye seli mundu wanapewa dawa za kumeza kila siku, na namjua kijana mmoja hapa Kitale anayeishi na ugonjwa huo, ana mke na duka la vipuri vya baiskeli. Nikimwona nafurahi, kisha naona wivu mchungu, kisha naona aibu. Nilipojifungua mtoto wa kiume, Kukhu, akiwa bado hai, alitaka aitwe Wafula, kwa kuwa kwetu jina la marehemu hurudi kwa mtoto. Nikamwita Simiyu. Kukhu alininunia vibaya, akasema namfungia marehemu mlango. Nilipomweleza kwamba hilo ndilo jina alilojichagulia mwenyewe, alimchukua mtoto akampakata hadi jua likazama.

Simiyu wangu anaipenda mvua. Alasiri ikinyesha anatoka mbio uani bila viatu, na mimi namkemea kwa ukali usio na sababu, anashangaa. Nimemfundisha mchezo ule. Nimemchorea jumba zima kwenye kadibodi, bila mifereji, na mara nyingi nimemfikisha mbele ya mlango wa mwisho nikasema basi, tukalale. Nimejaribu kukijaza chumba kile. Nimeweka dhahabu humo, nimeweka simba, nimeweka bustani. Kila nikiweka kitu najua nimekiweka mimi, si Wafula, nakitoa. Juzi mtoto alichoka kuzungushwa, akaniuliza waziwazi ndani kuna nini, nami nikamwambia ukweli: sijui, aliyejua alikufa. Akafikiri. Kisha akaniambia walivyofundishwa shuleni, kwamba jangwani jua likitua kunakuwa na baridi kali, mtu anaweza kuganda. Sikuwa nalijua hilo. Wafula naye hakulijua, na nilimshukuru Mungu hapo hapo kwa kumnyima elimu hiyo. Lakini mtoto alikuwa bado anauangalia ule mlango.

"Basi, Mama," alisema, "humo lazima kuna blanketi, sivyo?"