Blanketi la Mkwe

Mwaka huu, baada ya kuzunguka mikoa mingi, nilirudi nyumbani Mbinga wakati kahawa inaanikwa, nikamkuta mama amekaa juu ya sanduku lake kama anayezuia kitu kisitoke. Ndani mlikuwa na blanketi la sufu alilopewa na mume wa dada yangu siku ya mahari. Mkwe huyo ni mtu wa ziwani. Alipopanda huku milimani kwenye baridi kuja kuposa alitetemeka mpaka meno yakagonga kikombe cha chai, na siku ya mahari akaongeza blanketi ambalo hakuna aliyemdai. Mama hakuwahi kulitumia. Alilitunza.

Sasa lilikuwa na matundu. Kwenye mikunjo walitambaa viwavi wadogo wa kahawia wenye manyoya, watoto wa wale wadudu wa mviringo wenye madoadoa wanaopenda sufu.

"Na Jumapili anakuja," mama alisema. "Atasema nimelitupia panya."

Nilikwenda sokoni, nikarudi na kopo la dawa ya kupuliza. Mama alilichukua na kulielekeza kwenye blanketi. Nikamshika mkono, maana maandishi ya kopo yalikataza kupulizia kitu cha kujifunika. Tulilitandaza juani kwenye kichanja cha kahawa, mama akalichapa kwa fagio hadi wadudu wakapukutika. Mimi nilipuliza dawa kwenye pembe za sanduku tupu na nyufa za sakafu, nikafunga mlango. Tukakaa nje tukila mihogo, tukisubiri harufu ipungue.

"Wewe umezunguka kote huko, hujaona watu wanavyoziba tundu la blanketi?"

"Nimeona wanaojifunika hivyohivyo, mama."

"Ndiyo maana huna mke."

Jumapili ukungu ulishuka mapema. Mkwe alipoingia na mfuko wa dagaa, mama alikuwa amejifunika blanketi, upande mbovu ameukunja kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Alipoinuka kumpokea mfuko, mkunjo ulifunguka, matundu yote yakaonekana.

Mkwe aliyatazama kitambo. "Kumbe unalitumia," alisema taratibu. "Miaka yote hii nilidhani hukulipenda."

Mama aliniangalia mimi kwanza. Kisha akalivuta vizuri mabegani.

"Baridi ya huku si unaijua, baba."

Nilipoondoka tena kwenda kuzunguka, blanketi lilikuwa kitandani kwake. Sandukuni alikuwa ameweka mahindi ya mbegu.