Saizi Tatu za Kaki

Asubuhi yangu ya kwanza katika karakana ya ushonaji ya Papa Ilunga, mtaani Kamalondo, nilipima meza mara nne kabla ya kugusa kitambaa. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi na cheti mfukoni.

"Meza haivae shati, mutoto yangu," Papa Ilunga alicheka. "Pima mutu."

Alinifundisha kumwambia mteja asimame wima, apumue. Bega moja la mpiga sururu, alisema, halilingani na la pili.

Vita vilipoanza, kambi ya askari kando ya mji ilipanuka, na Kamalondo nzima ikaigeukia. Fundi viatu aliacha viatu vyetu akashona buti. Mama wa mikate alioka ya kambi tu. Vikwembe, yaani vitenge vyetu, viliadimika madukani, kwa hiyo bila kaki ya kambi mashine zetu tano zingenyamaza.

Ajida, ndivyo tulivyotamka cheo cha adjudant, Mbelgiji msimamizi wa stoo ya nguo kambini, alituletea patroni tatu, yaani karatasi za kukatia kitambaa: ndogo, ya katikati, kubwa. Mashati yakawabana askari makwapani. Nililiwaza jambo hilo siku tatu. Kisha nikaanza kuwapima mmoja mmoja. Kazi ikachelewa, Ajida akaja na koplo wake.

"Nani alikuambia upime?"

"Mabega yao, mon adjudant."

"Vita haina mabega! Saizi iko tatu. Ukipima tena, kaki inaondoka. Koplo, muonyeshe shati ya katikati!"

Koplo, aliyelivaa, akapiga saluti. Kwapa likapasuka, trrr! Karakana nzima ikainama kuficha kicheko.

Nilimtazama Papa Ilunga. Mashine zilikuwa zake.

"Weye njo unashika metre," alisema, akiunyoshea kidole utepe mkononi mwangu. "Amua."

Nikamzungushia koplo utepe kifuani, mbele ya Ajida. "Pumua, kaka."

Kaki iliondoka siku ileile. Tulifunika mashine tatu, tukaishi kwa kugeuza kola kuukuu za majirani. Ajida hakurudi kamwe. Waliorudi ni askari, kila Jumapili, mashati yao kwapani, wakitaka kupimwa.

Nilistaafu macho yalipogoma. Ninyi vijana mnanunua nguo zenye herufi za saizi shingoni, halafu mnaniuliza kama sikuogopa. Niliogopa sana. Kwa woga huo nilimpima koplo mara mbili. Ndiyo maana nakumbuka: bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kidole kizima. Bunduki ya kambi ndiyo iliyolishusha, na karatasi za Ajida hazikulijua.