Pembe Yangu Katika Dari ya Duka

Mwezi uliopita nilisimama ndani ya duka la karafuu, karibu na bandari ya Tanga, pamoja na mkaguzi wa majengo. Ofisi ya mji ilinitaka mimi, kwa kuwa nimesoma historia chuo kikuu, niandike ukurasa mmoja: jengo hili lina thamani gani hata lisibomolewe? Mkaguzi alikuwa na jibu lake tayari. Alinyoosha kidole juu, kwenye pembe ya kaskazini, ambako boriti mbili zilikuwa zimeoza.

"Linavuja, dada. Jengo limejichokea."

Sakafuni, chini ya pembe ile, palikuwa na duara la kijani lililoachwa na beseni la shaba. Nililitambua mara moja, nikahisi masikio yananiwaka.

Turudi nyuma kidogo, ndugu msomaji. Nilikuwa na miaka tisa, katikati ya miaka ya hamsini. Majirani wengi walikwisha kuezeka mabati, lakini mwenye duka, mzee wa Kipemba, alisema bati linafaa kufunikia kuku. Dari yake, ambayo ndiyo iliyokuwa paa lenyewe, ilikuwa ya kale, bapa, ya boriti za mikoko na mawe ya matumbawe, na juu yake chokaa. Ilipochakaa aliwaita wanawake wa mtaa, kama babu yake alivyowaita bibi zao. Dari ya namna ile hupigwa. Chokaa, kokoto na udongo mwekundu humwagwa tabaka kwa tabaka, na wanawake hukaa safu na vibao vya mti, wakapiga siku tatu huku wakiimba, mpaka mchanganyiko ule ugeuke jiwe.

Asubuhi tulipanda ngazi na harufu ya karafuu ikitufuata. Mwenye duka alituletea mikate ya mofa, samaki wa kupaka na chai ya tangawizi, tukala kwa mikono iliyokuwa bado myeupe kuchani. Bibi yangu ndiye aliyetoa wimbo, wengine wakaitikia. Alikuwa akisema, "Dari isiyoimbiwa huvuja."

"Bibi, kwani chokaa ina masikio?" nikamwuliza.

Jirani yetu, mwanamke mnene aliyependa utani, akacheka. "Kadhi huyu! Siku ya harusi yake atamtaka bwana harusi alete mashahidi kwamba yeye ni mwanamume."

"Piga, mjukuu wangu," bibi akasema. "Ukimaliza utauliza."

Sikungoja kumaliza. Sehemu yangu ilikuwa pembe ya kaskazini, upana wa mikono yangu miwili. Kwa siku mbili niliinua kibao juu pamoja na wenzangu, nikakishusha polepole kama anayemfunika mtoto shuka, midomo ikicheza bila sauti. Nilitaka kuona kama dari itajua.

Siku ya tatu, kabla ya ubeti wa mwisho ambao huimbwa mara moja tu, kazi inapofungwa, bibi akaniona. Hakunigombeza. "Asiyepiga haimbi. Shuka." Akakaa mahali pangu.

Nikashuka, nikakaa dukani juu ya gunia. Kisha mikono yote ya mtaa ikashuka kwa pamoja juu ya kichwa changu. Mizani ya shaba ikayumba kwenye minyororo yake. Karafuu zikatetemeka sinia zima, kila moja mahali pake. Maneno ya ubeti ule wa mwisho sikuyasikia, nilisikia mshindo tu, mmoja, mzito, kana kwamba aliye juu ni mtu mmoja mwenye mikono ya mtaa mzima. Mimi nisiyeamini kitu niliweka kiganja ukutani, na ukuta ukanijibu. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa wimbo ule ni kipimo. Mwenye nguvu hakuweza kupiga zaidi ya ajuza, wala aliyechoka kupunguza, maadamu wote wanaimba.

Masika ilipokuja, dari nzima ilikuwa kavu isipokuwa pembe moja. Bibi alikuwa amelipiga vizuri tabaka la juu, lakini la chini nilikwisha kuliharibu. Gunia la karafuu likaloa, likaoza. Mwenye duka akaweka beseni, akasema, "Nyumba nzima imeikataa mvua, pembe moja imeipenda." Bibi akanitazama, akanisitiri. Nami nikanyamaza miaka yote hii.

"Jengo halikuchoka," nikamwambia mkaguzi. "Ni mimi." Alidhani natania. Nikaandika hivyo hivyo, kwa jina langu: kwamba dari yote imestahimili masika baada ya masika, na ile pembe ni kosa la mkono wangu. Ofisi ikajibu kwamba jengo litaachwa, ikiwa pembe itatengenezwa kwa njia ya kale kabla ya mvua.

Nani wa kuitengeneza? Bibi hayupo, mwenye duka hayupo, wapigaji wametawanyika. Nilimpata yule jirani tu, kwa binti yake, mtaa wa Nguvumali, amekonda sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kadhi, leo umekuja kuuliza nini?"

Nilipomweleza, alianza kupiga mkeka kwa kiganja, akaimba ubeti baada ya ubeti, mkono haukukosea hata mara moja. Kisha akasita, akatazama bati la juu.

"Huo wa mwisho umenitoka. Bibi yako ndiye aliyekuwa nao. Hebu malizia wewe, si ulikuwepo?"

Nilikuwepo, lakini chini. Mshindo wake ninao wote, pigo kwa pigo. Dari ilikuwa imepigwa sawasawa, haikupitisha hata neno moja.