Ketrina na Wavu wa Wataalamu

Nianze na ukweli: Ketrina Halinga simpendi. Mashamba yetu ya kahawa hapa Igamba yanapakana, mabwawa yetu ya samaki yanapata maji kwenye mfereji mmoja, na kwa miaka kumi na moja hatujamaliza wiki bila kurushiana maneno kuhusu zamu. Ni mjane, mrefu, mbishi, na ana tabia moja inayoudhi kuliko zote: huwa amesema kweli, na hakuachi uisahau.

Mbozi kuna baridi, na perege hawaipendi. Ukifika Juni wanaelea tumbo juu. Ketrina alianza na ndoo moja ya vifaranga vya kununua, na Juni ya kwanza walikufa karibu wote. Akabaki na kumi na tisa, akawazalisha hao hao. Mwaka wa pili akafanya vilevile, waliokufa wakafa, waliopona wakawa wazazi. Miaka tisa aliendelea hivyo, akawa na wazazi sitini wasiojali baridi. Mwanzoni nilimcheka. Nikaacha kumcheka watu wa Ndalambo walipoanza kupanda mlima kuja kununua vifaranga vyake.

Nami nikaenda kuomba aniuzie.

"Kwanza nirudishie maji uliyoniibia mwaka ule wa ukame, Baba Jonasi," akanijibu, mbele ya watu.

Nikaondoka nimevimba. Kesho yake nikashuka Tunduma, nikavuka mpaka kuingia Nakonde, Zambia, kwa njia za panya. "Mulishani, mudala," muuzaji akanisalimu kwa lugha ya kwao, akanifungia vifaranga mia tatu kwenye mfuko wa nailoni uliojaa hewa. Havikuwa na cheti wala havikukaguliwa. Nilivileta nyumbani chini ya kiroba cha pumba, nikijiona mjanja. Baada ya wiki chache baadhi yao wakatoka vidonda vyekundu ubavuni. Nikawaopoa, nikawafukia kwenye migomba, nikanyamaza.

Mwezi Machi likaja gari la serikali, la mradi wa utafiti wa samaki na magonjwa ya majini. Kiongozi wao alikuwa Daktari Bushra, mtu wa pwani, ambako alikuwa akitafiti ufugaji wa chaza. Alitukusanya akatueleza jinsi boti moja chafu ilivyoleta vijidudu kutoka bandari nyingine vikaua chaza wa kijiji kizima. Alizungumza vizuri, nikaona hata aibu kidogo. "Mgeni wa majini hapigi hodi," alisema.

Baada ya mahubiri hayo wakavuta wavu kwenye bwawa langu, wakapima samaki wachache walioonekana wazima, wakauzoa wavu unachuruzika maji, wakaelekea kwa Ketrina.

Ketrina alisimama ukingoni. "Wavu huo haujakauka."

"Mama, leo tuna mabwawa manane," Daktari akamwambia.

"Hapa kwangu wavu wa mtu hulala siku tatu kwenye kichanja cha kahawa, juani, ndipo uingie."

Ni kweli. Hata sisi majirani alitulazimisha hivyo, na kila mmoja wetu alilalamika kuanika wavu pale palipotengenezwa kuanikia kahawa. Mimi nikadakia: "Mama Ruti, unataka kumfundisha daktari kazi?" Wakacheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote, wakati nilijua wazi maji ya wavu ule yametoka wapi. Ketrina akatazama namba za serikali kwenye lile gari, akasogea pembeni.

Baridi ilipoingia, perege wake wakaanza kutoka vidonda. Sampuli zikachukuliwa, na Jumatatu Daktari akaja na majibu: ni ugonjwa uliokwisha kuonekana ng'ambo ya mpaka. Utaratibu wa mradi ulikuwa hivi. Bwawa lililoambukizwa pasipo kosa la mwenyewe, wazazi wake wazima hutengwa kwenye matangi na kuangaliwa. Bwawa lililotiwa samaki wa magendo humwagiwa chokaa, asibaki hata mmoja.

"Mimi sijanunua kwa mtu tangu mwaka wa kwanza," Ketrina akasema. "Ni wavu wenu."

"Kabla yako tulivua kwa mzee Lusubilo." Daktari akanigeukia. "Mzee, samaki wako wana shida yoyote?"

Ketrina naye akanitazama. Hapo ndipo nilipaswa kusema.

"Wazima," nikajibu.

Basi ikaandikwa kwamba Ketrina ndiye aliyeleta samaki wa magendo, na chokaa ikapangwa Alhamisi. Siku tatu hizo nilijiambia mengi: kwamba alininyima vifaranga, kwamba ningesema bwawa langu nalo lingekwenda. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kifo cha samaki wa jirani.

Alhamisi asubuhi vijiji viwili vilikuwa ukingoni. Ketrina akaomba aachiwe hata ishirini, akakataliwa. Akashika kiuno, akatazama mifuko ikifunguliwa. Walipomaliza nusu ya mifuko, maji yakiwa meupe, Daktari akatugeukia sisi tuliokusanyika: "Mmeona? Mkulima asiyejua usafi wa majini hugharimu eneo zima."

Sitadanganya kwamba nilisukumwa na huruma. Ilikuwa hasira. Mwanamke huyu nimemtukana miaka kumi na moja, lakini kumwita asiyejua usafi wa majini, tena aseme hivyo mtu aliyekuja na wavu unaochuruzika! Nikapiga kelele wasimamishe. Nikayasema yote: Nakonde, mfuko wa nailoni, vidonda, migomba.

Watu waliguna. Daktari Bushra akafunga daftari, uso umemshuka, akaagiza walio hai waopolewe haraka watiwe kwenye matangi. Walipatikana kumi na wanne. Alijaribu kumwambia Ketrina neno la pole, Ketrina akampita kama hakumwona. Akaja mpaka nilipo. Nilidhani atanipiga, na ningemwachia.

"Ungesema Jumatatu," aliniambia taratibu, "walikuwa arobaini na watatu wazima. Niliwahesabu."

Wataalamu wakaanza kuhamisha mifuko ya chokaa iliyobaki kuipeleka kwangu, kama utaratibu ulivyotaka. Ketrina akamnyang'anya mmoja wao mfuko, akaubeba begani mwenyewe mpaka bwawani kwangu, akauchana kwa meno. Akalizunguka bwawa akimwaga kiganja kwa kiganja, bila haraka, na hakuruka kona hata moja.