Duka la Annastella Bado Linauza

Ukiandika jina la mdogo wangu, Annastella Kahangwa, kwenye simu yako leo, utakuta picha mbili. Ya kwanza iko kwenye duka lake la mikeka: amekaa mbele ya mkeka wa zambarau, anacheka. Ya pili ni ileile, imekatwa ukabaki uso tu, na mtu ameandika juu yake kwa herufi nyekundu: TAPELI. Mwenyewe tumeshamzika. Naandika ili wanetu wajue ni ipi kati ya hizo mbili iliyo ya kweli.

Tulizaliwa Kaagya, katikati ya kahawa na migomba, na mama alitufundisha kusuka kabla hatujajua kusoma. Mimi, Felicitas, nilisuka kwa kulazimishwa. Annastella alisuka hata akiwa machungani, mbuzi wakaingia kwenye maharage ya watu. Alipoolewa na Byarugaba na kuhamia Ijuganyondo, alianza kuuza mikeka mjini Bukoba. Kisha akawa anaweka picha kwenye simu, na watu wa Mwanza na Dar es Salaam wakaagiza. Walikuwa wanalipa mzigo ukifika. Wengine mzigo ulifika wakasema wameghairi, mkeka ukarudi kwa basi umekunjika vibaya, na nauli ya kurudi akalipa yeye.

Ndipo akaenda kwa Pinky, mkwe katika familia ya Kihindi inayouza vitambaa, moja ya zile chache zilizobaki mjini. Pinky alikuwa tayari anauza mtandaoni. Siku hiyo niliongozana na mdogo wangu. Pinky aligeuza kompyuta ili tuone wote.

"Chagua, dada. Programu hii ni ya bure. Hii unalipia kila mwezi, lakini ina mambo mengi."

"Mambo gani?"

"Kuhesabu mzigo uliobaki, kutangaza, kufunga duka siku ambazo hupo."

"Nifunge duka niende wapi? Nina nauli?" akasema Annastella, tukacheka. "Nipe ya bure."

Kwenye malipo hakucheka. Kadi za benki alizikataa kwa sababu zilitaka leseni ambayo hakuwa nayo. Kulipa mzigo ukifika alikataa kabisa.

"Hao wamenirudishia mikeka mpaka nikaota mabasi," alisema. "Atakaye mkeka alipe kwanza."

Basi ikapangwa hivyo. Mteja anabonyeza, anatuma pesa kwa simu, na programu inamjibu yenyewe: asante, mzigo wako utatoka kesho. Pinky akamshauri aweke na picha ya uso wake.

"Mkeka haujulikani kwao," alisema. "Wewe ndiye wanakupa pesa. Wakuone."

Karibu mwaka mzima, kila kilicholipiwa kilitoka kesho yake. Annastella alishona gunia, akaandika jina la mteja, kisha akafanya ishara ya msalaba juu ya mzigo. Nilimtania kwamba wateja wengine ni Waislamu.

"Na wao mzigo wao ufike salama," alisema. "Waitu, dada yangu, Mungu wa barabarani ni mmoja."

Kisha mama mkwe wake akafariki kijijini Ngenge, huko Muleba. Kwetu, mfiwa hauzi wala halimi mpaka matanga yaondolewe. Mwenye duka akifiwa anafunga mlango, na kijiji kizima kinaelewa. Hata mwenye haraka anaona aibu kubisha. Annastella alikwenda kama mkwe anavyopaswa kwenda, na simu akiwa nayo. Nilimkuta amesimama kwenye kichuguu nyuma ya jiko, mahali pekee palipokuwa na mtandao, anahangaika.

"Wanalipa, dada," aliniambia. "Nimefiwa na wao wanalipa. Natafuta pa kuzuia sipaoni. Nahariri maelezo angalau."

Evodia akatokea. Ni dada mkubwa wa Byarugaba, na tangu mama yao afe yeye ndiye aliyekuwa sauti ya nyumba ile.

"Mke wetu," alisema, "mama yuko ndani kwenye jeneza, wewe unaita wateja?"

"Siwaiti, wifi. Nataka kufunga duka tu. Nikishaandika kwamba nimefiwa nakuja."

"Duka gani? Mlango wake uko wapi?"

"Liko humu kwenye simu. Linauza lenyewe."

Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi waliangua kicheko. Evodia naye akacheka, akanyoosha mkono.

"Kama linauza lenyewe, liache liuze. Wewe njoo umenye ndizi."

Akaichukua simu, akaifunga kwenye kanga, akaitia kwenye sanduku la nguo la marehemu na kugeuza ufunguo. Byarugaba alikuwa ameketi na wanaume hapo karibu. Annastella alimwangalia. Yeye akaangalia viatu vyake. Nilimsogelea nikamwomba amsemeshe dada yake.

"Shemeji, ni msiba," alinijibu. "Tusigombane kwa ajili ya mikeka."

Alirudishiwa simu siku ya kuondoa matanga, imezima. Alipoichaji Ijuganyondo iliendelea kulia mpaka akaiweka chini ya mto. Waliolipa walikuwa wengi kuliko siku zote, maana ilikuwa karibu na Pasaka, na kila mmoja alikuwa ameahidiwa kwamba mzigo utatoka kesho. Mmoja ndiye aliyekata picha na kuandika lile neno. Wengine wakaisambaza. Kampuni iliyopitisha malipo ikazuia akaunti yake kwa sababu ya malalamiko: inaweza kupokea, haiwezi kutoa. Hata kuwarudishia pesa hakuweza. Duka hakulifuta; alisema wataona amekimbia.

Akatuma mikeka. Alituma yote aliyokuwa nayo ndani, hata ule wa zambarau wa kwenye picha, hata wa kitandani kwake. Kila aliyepata mzigo alimpigia na kumwomba aandike kwamba umefika. Walisema sawa. Hakuna aliyeandika. Mmoja alimwambia, "Mimi nimeshapata changu, ya wengine hayanihusu."

Kanisani mama mmoja, ambaye walikaa benchi moja kwa miaka, alihamishia mkoba wake upande wa pili alipomwona anakuja. Sokoni walimwita kwa mbali, "Mama mikeka, leo tulalie nini?" Annastella akaongeza hatua. Aliacha kula vizuri. Presha ikampanda, akalazwa, akaruhusiwa, akaanguka jikoni huku akichemsha ukindu wa kutia rangi. Alifia njiani kwenda hospitali, kichwa kikiwa mapajani pangu. Nilikuwa nasali Salamu Maria, na sikuimaliza.

Pinky alikuja mazishini, akalia kuliko wengi wa ukoo. Alijaribu kulifunga duka, lakini nenosiri Annastella alikwenda nalo. Kampuni yenye programu ikasema itafunga kwa ombi la msimamizi wa mirathi, mwenye barua ya kikao cha ukoo. Kikao kilikaa, na wa kusaini barua alikuwa Evodia. Walizungumza kibanja cha migomba, wakazungumza ng'ombe. Nilipotaja duka, Evodia aliuliza tena.

"Lina mlango?"

"Halina, Evodia. Unajua halina."

"Basi nitasaini kufunga kitu gani?"

Watu wakatabasamu, na Byarugaba akasema tuendelee na ajenda.

Wiki iliyopita tulikuwa na misa ya arobaini. Tumerudi nyumbani, simu yake, ambayo sasa ninayo mimi, ikalia. Mwanamke wa Morogoro alikuwa amelipia mkeka wa zambarau. Kabla sijafika mezani programu ilikuwa imeshamjibu: asante, mzigo wako utatoka kesho. Nilimpigia nikamweleza kwamba mwenye duka amefariki na pesa imezuiwa.

Alicheka. "Nyie mkishapokea, wote huwa mnakufa," akasema, akakata.

Nimesali nimsamehe, na Evodia pia. Bado haijawa. Asubuhi yake nilichemsha ukindu nikautia rangi, nikakaa chini mlangoni nikaanza kusuka, ili mtu mmoja angalau asipate sababu ya kuliandika tena lile neno juu ya uso wa mdogo wangu. Vidole vyangu si kama vyake. Sijafikisha hata upana wa kiganja, na simu imelia tena.